Kuandika riwaya ya jini, bahari na kichwa kisicholala, ukiwa Mombasa

Watu wakiniona na laptopu barazani huku Mji wa Kale wananiuliza naandika nini, nikiwaambia ni riwaya ya taharuki, ndani mna jini, mna mabadiliko ya tabianchi, na mna mwanamke ambaye hana hakika kama akili zake ziko sawa, wanacheka, wananiambia hiyo ni pilau umetia samaki na maembe. Alafu siku mbili tatu mmoja wao anarudi pembeni, sauti ya chini, na mimi nna hadithi kama hiyo, sasa naanzaje? Basi nimeamua niandike mara moja nisiwe narudia rudia. Mimi si mwalimu wa fasihi, ni mtu aliyeharibu drafti nzima ndo akajua.

Drafti yenyewe ilifika maneno kama elfu 40. Ilikuwa vitabu vitatu vimefungwa kamba moja. Sura ya kwanza mafuriko, ya pili mganga, ya tatu daktari, ya nne mafuriko tena, zinapishana kama matatu ya Bamburi na matatu ya Likoni, kila moja na abiria wake, hazijuani hata kwa salamu. Nilimpa rafiki asome akanirudishia na swali moja tu: hii ya mganga ningeiruka ningekosa nini? Nikafikiria. Asingekosa kitu. Nilikaa wiki bila kufungua hiyo laptopu.

Hatua ya 1: tafuta kitu kimoja chenye maelezo matatu

Hapa ndo kazi yote ilipo na ukiruka hapa hizo hatua nyingine hazitakusaidia. Usianze na mada. "Tabianchi" ni mada, "ushirikina" ni mada, huwezi kuvishika mkononi. Tafuta kitu, kitu chenye uzito, ambacho mtu wa sayansi akikiona atakuwa na maelezo yake, bibi yako atakuwa na yake, na daktari wa akili atakuwa na yake, na wote watatu wasikike wana haki.

Changu ni kisima. Nyumba nyingi za zamani hapa kisiwani zina kisima ndani, uani au chini ya ngazi. Katika riwaya yangu maji ya kisima cha nyumba moja yanaanza kuwa na chumvi, si ghafla, kidogo kidogo, na anayeonja ni mmoja tu, Mwanasha, wengine wote wanamwambia hakuna kitu. Sasa tazama.

Mtu wa sayansi atakwambia kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji matamu ya mvua yanazama humo na kuelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Ukivuta sana, au mvua zikikosa, au bahari ikipanda, chumvi inakuja juu. Na hapa kuna hesabu iliyoninyima usingizi: wanajiolojia wana kanuni kwamba ukishusha maji matamu mita 1, ile chumvi ya chini inaweza kupanda kama mita 40. Soma tena. Unavuta kidogo juu, kinachopanda kutoka chini ni mara arubaini. Hiyo ni sayansi lakini mimi niliposoma nilihisi kama nasomewa kitabu cha majini.

Bibi atakwambia hiki kisima kina wenyewe, na wenyewe wameudhika.

Daktari atakwambia mtu asiyelala vizuri wiki nne anaweza kuanza kuonja na kusikia vitu ambavyo havipo.

Kitu kimoja, maelezo matatu. Kama cha kwako kina maelezo mawili tu hakijaiva, tafuta kingine. Si lazima kiwe kisima. Rafiki yangu wa Mikindani anaandika kuhusu mikoko inayokauka upande mmoja wa mkono wa bahari, mwingine ana baridi ya ajabu inayoingia chumba kimoja cha hoteli ilhali Machi yote Mombasa inachemka. Hiyo ya baridi bado sijaona sayansi yake iko wapi na nimemwambia.

Hatua ya 2: jua maji kabla hujaandika maji

Nitakaa hapa kidogo manake hapa ndo nilipoaibika.

Katika drafti ya kwanza nilikuwa na tukio naliona tamu sana. Usiku wa mwezi kumi na nne, saa sita kamili, mwezi uko katikati ya mbingu, bahari imejaa mpaka ukingoni, Mwanasha anashuka ngazi za mawe na maji yanamlamba miguu. Nikamsomea ami yangu, mvuvi aliyestaafu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, usiku wa mwezi mkubwa maji yajaa saa sita tangu lini? Hiyo bahari ya wapi, ya Nakuru?"

Nikamwambia ami, ni hadithi. Akasema hata hadithi ina bahari yake.

Na alikuwa na haki, ngoja nikueleze ili wewe usichekwe. Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kujaa ni kama saa 12 na dakika 25, ndo maana kila siku yanachelewa takriban dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo tunapata bamvua, maji makubwa, na makubwa kabisa huwa siku moja au mbili baada ya hapo. Bamvua kubwa Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4, hiyo ni zaidi ya urefu wa chumba. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana hayashuki sana.

Sasa siri ya mwandishi ni hii: bamvua ya Mombasa huja na saa zake. Siku za mwezi mpevu na za mwandamo, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka kwenye saa nne, asubuhi na usiku, hapo mwamba unatoka nje na watu wanakwenda kutafuta pweza. Siku za maji mafu inageuka, yanajaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi. Kwa hivyo usiku wa mwezi mpevu saa sita maji ndo kwanza yanaanza kurudi, tope bado liko wazi, linanuka.

Nilikasirika siku moja, alafu nikaona ami amenipa zawadi. Tukio langu likahamia saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, saa ambayo hata paka wamelala, na maji yamejaa kweli. Na lile la saa sita nikaliacha na tope lake: Mwanasha anatembea mahali ambapo jioni palikuwa bahari na alfajiri patakuwa bahari, na ana saa chache tu. Tayari una saa inayohesabu, na taharuki yote ni saa inayohesabu.

Kwa vitendo: tafuta jedwali la kujaa na kupwa la mwaka ambao hadithi yako inatokea, bandari huwa wanachapisha, na zipo programu za simu. Andika tarehe za bamvua zote kwenye karatasi ubandike ukutani. Kati ya bamvua na bamvua ni kama siku 14 au 15. Mimi kitabu changu kina bamvua sita na kila bamvua kitu kibaya zaidi kinatokea, sikuhitaji kutunga ratiba nyingine.

Na pepo pia. Kaskazi inavuma kama Novemba mpaka Machi, joto, bahari tulivu kidogo, Februari na Machi ndo watu hulala nje ya mlango. Kusi inakuja na masika, Aprili na kuendelea, bahari inachafuka, wavuvi wadogo wanakaa. Ukiandika mtu kavuka kwa ngalawa Juni usiku bila wasiwasi, uwe na sababu.

Kuna kitu kingine cha kale ambacho kwa riwaya kama hii ni dhahabu. Wazee wa pwani walikuwa na mwaka wa jua, unaanza Nairuzi, ndo siku yao ya mwaka mpya, wanauhesabu kwa miongo, miongo 36 ya siku 10 10 na siku 5 juu yake, na kila mwongo ulikuwa na habari zake, upepo gani, mvua gani, wakati gani wa kupanda na wa kusafiri. Katika kitabu changu babu wa Mwanasha ameacha daftari la miongo, mistari miwili kwa kila mwongo, miaka na miaka. Yeye anasoma na kuona pale babu alipoandika mvua hakuna mvua. Sasa je, mbingu ndo zimebadilika au babu alikuwa anaandika kitu kingine kwa lugha ya mvua? Sitakwambia.

Hatua ya 3: mhusika wako apime kitu

Fupi hii. Usimpe mhusika kazi ya "mwandishi wa habari anayechunguza", tumechoka naye. Mpe mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kupima, kuhesabu, kuandika kwenye daftari. Mwanasha anapima nguo, ni fundi cherehani. Mtu wa vipimo akianza kutoamini vipimo vyake mwenyewe msomaji anatetemeka, manake anajua huyu si mtu wa kubabaika. Anapima mkono wa mteja inchi 22, anakata, nguo inakuja fupi. Mara ya kwanza ni uchovu. Mara ya tatu si uchovu.

Na kichwa chake kitese kwa vitu vidogo. Asiyelala hasikii sauti zikimwita jina siku ya kwanza. Anasahau kama ameswali. Anatia sukari mara mbili. Anasoma ujumbe wa simu, anajibu, kesho anaona jibu na hakumbuki kuliandika. Panda pole pole. Na tafadhali usimfanye mgonjwa wa akili awe ndo muuaji ili tu kumaliza kitabu, watu wenye maradhi hayo wako majumbani mwetu na wanasoma.

Hatua ya 4: jini awe na sheria

Jini asiye na sheria hatishi, anachosha. Kama anaweza chochote basi hakuna cha kungoja. Kabla sijaandika upya niliandika sheria tatu kwenye kipande cha karatasi: wenyewe wa kisima hawatoki nje ya mzunguko wa nyumba, hawachukui kitu ambacho hawakuahidiwa, na hawasemi uongo. Hiyo ya tatu ndo inaua. Manake Mwanasha akisikia kitu kutoka kisimani, ama ni kweli ama amekitunga mwenyewe, hakuna katikati.

Alafu weka bei. Bibi alikuwa kila usiku wa Ijumaa anafukiza ubani pale kisimani na kumwaga marashi kidogo, bibi amekufa, hakuna aliyeendelea. Kitu kidogo hivyo. Msomaji wa pwani utamwona anajisogeza kwenye kiti.

Vitu vya kuacha: mwanamke mrembo wa barabarani mwenye kwato za punda, paka mweusi anayeongea, mganga mwenye meno mabovu anayecheka ha ha ha. Hivyo kila mtu alishahadithiwa akiwa darasa la tatu.

Usichanganye watu pia. Mwalimu anayeandika kombe, aya za kunywewa kama dawa, kwa zafarani ni mtu mbali, mganga wa mitishamba ni mbali, mpiga ramli mbali, mwenye ngoma ya pepo mbali, wazee wa kaya, wale walinzi wa misitu mitakatifu, mbali kabisa. Mchawi ndo mbali zaidi, na hakuna anayejitambulisha hivyo. Ukiwatia wote kapu moja ukawaita "wachawi" msomaji wa hapa atafunga kitabu, na atakuwa na haki. Misitu ya kaya za Wamijikenda iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008 lakini kabla ya UNESCO ilikuwa na wenyewe, kuna sehemu hazisemwi na hazipigwi picha. Ukienda Kaya Kinondo kama mgeni unafungwa kaniki nyeusi na unaambiwa masharti. Andika hiyo kaniki, andika joto lake mgongoni na unavyotembea tofauti ukiwa umeivaa. Yanayofanywa ndani na wenyewe waachie wenyewe, tunga ya kwako ya uongo mtupu.

Hapa sicheki tena kidogo. Kaunti jirani ya Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake ni shamba. Mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni vimetosha kumhukumu mtu. Kwa hivyo kama hadithi yako inaishia kwamba yule bibi kizee ndo alikuwa mchawi kweli, fikiria mara mbili unaongeza nini kwenye moto gani. Mimi niliigeuza: kwenye kitabu kuna mtu anasimama mbele ya jirani zote anasema marehemu bibi alikuwa mchawi na kisima kifukiwe, na polepole unaona anayefaidika kisima kikifukiwa ni nani. Kenya ina Sheria ya Uchawi ya tangu 1925 na humo kumtuhumu mtu kuwa mchawi ni kosa pia. Wakili wangu wa kitabuni anaijua hiyo. Ilinipa sura nzima.

Hatua ya 5: adui awe na risiti

Kosa la riwaya nyingi za tabianchi ni kwamba adui ni hewa. Hewa haina uso, haigongi mlango. Tabianchi iwe ndo mazingira, lakini mtu fulani awe anakula humo ndani.

Kwangu ni gorofa. Nyuma ya nyumba ya Mwanasha kumejengwa gorofa la ghorofa nyingi, wamechimba bohoo refu, kisima cha mashine, wanavuta maji usiku ili wasionekane, wanauza kwa maboza, malori ya maji, mchana. Mji huu unategemea maji ya mbali, Mzima Springs huko Taita Taveta na Baricho kule Mto Sabaki, na mfereji ukikauka mtungi wa lita 20 kwenye mkokoteni unakuwa biashara. Hakuna haja ya kueleza uchoyo, weka tu bei ya mtungi inapanda sura kwa sura. Na aliyetia saini ya kuruhusu bohoo lile ni mtu wa nyumbani, nakuachia ukisie.

Ukichagua kampuni au mradi, utunge. Kuna miradi ya kweli ya jamii, mfano Mikoko Pamoja pale Gazi, Kwale, wanauza kaboni ya mikoko, yaani wanalipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaivuta hewani, tangu 2013 na pesa zinarudi kwa maji na shule. Nzuri sana kwa kujifunza jinsi biashara ya kaboni inavyokwenda, na dalali mwongo anayeuza kaboni ya msitu usiokuwepo angekuwa adui mtamu, lakini awe wa kwako, usimbandike mtu wa kweli dhambi ya kutunga.

Misiba ya kweli hivyo hivyo. Feri ya Mtongwe ilizama tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272. Kuna nyumba hapa mpaka leo tarehe hiyo hawapiki kwa furaha. Sikuiweka kama mapambo ya kutisha. Ikibidi uiguse, iguse kwa mtu mmoja aliyebaki, dakika moja, uondoke.

Takwimu je? Moja kwa sura, isizidi, na itoke mdomoni mwa mtu ambaye ingemtoka. Ami wa kitabuni hasemi "upaukaji wa matumbawe", anasema mwaka wa 1998, baada ya ile mvua ya El Niño, nilipiga mbizi nikaona mawe yote meupe kama yamepakwa chokaa, nikadhani macho yangu. Mwaka ni wa kweli, joto la bahari lile liliua matumbawe mengi pwani yetu. Na ona alivyosema, nikadhani macho yangu. Hapo hapo sayansi imeshikana na kichwa.

Hatua ya 6: kalamu tatu

Chukua kalamu ya buluu, nyekundu na nyeusi. Buluu ni maji na hali ya hewa, nyekundu ni kichwa, nyeusi ni wenyewe. Pitia kila tukio upige mstari pembeni kwa rangi iliyomo. Tukio lenye rangi moja tu linakatwa au linaunganishwa na jirani yake. Mimi nilipofanya hivi zilikatwa kurasa 61, iliuma kama kung'olewa jino, nikanywa kahawa chungu nikaendelea.

Nikuonyeshe. Hii ilikuwa drafti ya kwanza:

"Joto lilikuwa limeongezeka sana kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Mwanasha alihisi kuna jini karibu naye na akaogopa kwamba anarukwa na akili."

Rangi zote tatu zimo, sawa, lakini zimetangazwa kama vituo vya matatu. Hii ya sasa:

"Mwanasha aliamka ulimi umegandana na kaakaa. Feni imesimama, stima zimepotea tena. Akashuka ngazi kwa kupapasa ukuta, akavuta ndoo nusu, akanawa uso. Sabuni ikateleza kiganjani bila povu. Akaisugua tena. Haikutoa kitu. Akalamba kidole. Ndipo akasikia, chini, chini kabisa, kitu kikivuta pumzi, kikaishikilia, kikaiachia."

Sabuni kutotoa povu ni chumvi, hiyo buluu. Kulamba kidole usiku wa manane ni nyekundu. Pumzi ni nyeusi. Na msomaji mjanja atajiuliza stima zimepotea mtaa mzima, sasa kama ile ni pampu inaendeshwa na nini? Jibu ni jenereta ya gorofa, lakini litakuja baada ya sura tano, wacha ateseke.

Hatua ya 7: kila mtu na mdomo wake

Usiandike wote wanaongea kama taarifa ya habari. Bibi wa Mji wa Kale anaongea Kimvita, kijana wa Kongowea anaongea chake, askari aliyehamishwa kutoka bara anaongea chake na anakosea ngeli, na hiyo si kumcheka, ni sikio. Kwangu kuna kipande Mwanasha akiwa mdogo:

"Bibi, hiki kisima kina nini?"

"Kina wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Babu yako akiwajua. Nyinyi mwateka tu, hamuulizi."

Hilo neno wenyewe linarudi sura ya mwisho mwisho, wakili anauliza hili bohoo lina wenyewe, nani wenyewe? Sikulipanga. Lilitokea kwa sababu nilimwacha bibi aseme kwa mdomo wake, ningemwandikia "kuna roho za ajabu humu" ningelikosa.

Na soma kwa sauti. Kabisa. Ukikwama mdomoni msomaji atakwama jichoni.

Hatua ya 8: amua nini kinajibiwa

Riwaya ya mchanganyiko ina madeni matatu na huwezi kuyalipa kwa sarafu moja. Deni la taharuki lilipe lote: nani alifanya, vipi, kwa nini, kwa ushahidi. Deni la tabianchi lilipe kwa ukweli, maji yaliyoingia chumvi hayarudi matamu kwa sababu adui kafungwa, usidanganye. Deni la jini acha libaki. Kila kitu kimepata maelezo isipokuwa kimoja kidogo, na hicho kidogo kiwe kinafuata ile sheria uliyoiweka mwanzo.

Mwisho wa "kumbe ilikuwa ndoto" na mwisho wa "kumbe alikuwa mgonjwa tu" ni wizi. Mtu amekupa siku nne za maisha yake.

Hatua ya 9: watu watatu wa kusoma

Mmoja wa bahari, mmoja wa dini na mila, mmoja anayekula riwaya za taharuki kama kashata na hana huruma. Wa kwanza wangu ni ami, ushamjua. Wa pili ni shangazi yangu, nilimpelekea sura ya ubani nikiogopa, akasoma kimya, akanirekebisha jinsi ya kushika chetezo, kwingine hakugusa. Wa tatu alinitumia sauti ya WhatsApp ya dakika kumi na moja kunieleza kwamba alijua muuaji sura ya nne, nikarudi nikaficha risiti moja zaidi.

Usiwaulize "umeipenda?" Watakwambia ndiyo, sisi watu wa adabu. Waulize ulisimama wapi ukaenda kufanya kitu kingine. Hapo ndo pana ugonjwa.

Ya baadaye ni haraka: sajili haki yako KECOBO, ofisi ya serikali ya hakimiliki, namba ya ISBN inatoka maktaba ya taifa, KNLS, na kama utachapisha mwenyewe chapisha nakala chache kwanza, makosa ya herufi huwa yanangoja karatasi ndo yajitokeze. Mimi bado niko bamvua ya tano. Jana ami kanipigia simu saa nne usiku, hata salamu hakunipa, ananiuliza yule msichana ashapanda kutoka kwenye tope au bado, manake maji yanarudi.